Je, Wajua? Treni ikianguka, nani hujibu?

Nchini India, tume inayochunguza ajali kubwa za treni haiko chini ya Wizara ya Reli bali ya Usafiri wa Anga, ili mwenye reli asijikague mwenyewe. Huko huko, mwaka 1956, Waziri wa Reli Lal Bahadur Shastri alijiuzulu baada ya ajali ya Ariyalur. Mwaka 1964 akawa Waziri Mkuu. Kumbe kuwajibika si lazima kuue siasa za mtu!

Uingereza ilianzisha kitengo huru cha uchunguzi mwaka 2005, kutokana na ajali ya Ladbroke Grove ya 1999 iliyoua watu 31. Kitengo hicho hutafuta chanzo tu. Kumtafuta mwenye hatia ni kazi ya polisi na mahakama.

Japani, yenye sifa ya treni zisizochelewa, ilipata pigo Aprili 2005 huko Amagasaki. Dereva aliyechelewa takriban dakika moja na nusu tu, akihofia adhabu ya kampuni yake ya treni, aliingia kwenye kona kwa kasi. Walikufa watu 107. Waliokuwa marais wanne wa kampuni walishtakiwa, na wote wakaachiwa huru. Siku ya ajali, kona ile bado haikuwa na mtambo wa kuipunguzia treni mwendo.