Somo la Leo: Kaboni Iliyo Kati ya Nyota

Leo nataka kuwaelezeni jinsi wataalamu walivyokitambua kitu kilicho mbali mno, ambacho hakuna mtu awezaye kukifikia.

Nuru ya nyota ikipita katika kioo cha pembe tatu, hutawanyika ikawa utepe wa rangi kama upinde wa mvua. Ndani ya utepe huo mna mistari myeusi, yaani rangi zilizomezwa njiani. Kila kitu humeza rangi zake chenyewe. Basi mistari hiyo ni kama alama za vidole.

Mwaka 1922 Mary Lea Heger wa Marekani alitangaza mistari miwili ya ajabu. Baadaye ilijulikana kuwa haitokani na nyota, bali na kitu kilichotanda kati ya nyota na sisi. Kitu gani? Hakuna aliyejua.

Mwaka 1985 iligunduliwa molekuli ya atomu 60 za kaboni, zilizoungana kama mpira wa miguu. Mwaka 1993 wataalamu wa Basel, Uswisi, waliing'oa elektroni moja, wakaipima ndani ya neoni iliyoganda. Mwaka uliofuata Bernard Foing na Pascale Ehrenfreund wakaona angani mistari miwili iliyokaribia ile ya Basel. Lakini neoni husogeza mistari. Je, wewe ungekuwa hakimu, ungekata kesi kwa alama ya kidole iliyofifia?

Kesi ilingoja miaka 21. Mwaka 2015 John Maier na wenzake wa Basel waliyanasa matufe hayo mahali patupu, wakayapoza hadi nyuzi 267 chini ya sifuri. Juu ya tufe ilitua atomu ya heliamu, ambayo haisogezi mistari ila kidogo mno. Kisha wakamulika. Tufe likimeza nuru, heliamu huruka, kama ndege tawi linapotikiswa. Nayo ilikuwa ikiruka kwa mawimbi ya nanometa 957.7 na 963.2, sawasawa na yale ya angani. Hukumu ikapatikana.

Hata hivyo, mistari zaidi ya 400 ya namna hiyo inajulikana, na karibu yote bado haina mwenyewe.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi chenu:
1. Kwa nini kipimo cha mwaka 1993 hakikutosha?
2. Kwa nini maabara ilihitaji baridi kali?

Kwaherini.