Kasi ya gari kwenye kioo cha mbele: msaada au kizuizi?

Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wanaofika Zhanxi, karibu na kituo cha treni cha Guangzhou nchini China, hufuata zaidi saa za mkono, viatu na nguo za jumla. Wanaotafuta vipuri vya magari huelekea barabara ya Yongfu, katika jiji hilohilo. Miongoni mwa vifaa vya gari vinavyotengenezwa China ni kile kinachomulika tarakimu za kasi kwenye kioo cha mbele.

Wazo hilo lilitoka kwenye ndege za kivita. Mwaka 1988 kampuni ya General Motors ya Marekani ililitumia katika gari la Oldsmobile Cutlass Supreme.

Lengo ni kumwondolea dereva haja ya kuinamisha macho. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita takriban mita 22 kila sekunde. Kwa hiyo, sekunde moja ya kutazama dashibodi ni mita 22 bila kuiona barabara.

Umbali wa taswira

Lakini je, kila taswira kiooni humsaidia dereva? Katika mifumo iliyofungwa kiwandani, vioo vilivyopinda huifanya taswira ionekane kama inaelea mita mbili au zaidi mbele ya dereva. Jicho halipati taabu kuhama kutoka barabarani.

Kifaa cha bei nafuu aghalabu hakina vioo hivyo. Taswira yake huonekana karibu mno, na jicho hulazimika kujirekebisha kila linapoitazama. Tarakimu pia huweza kuonekana mbilimbili, kwa kuwa kioo kina nyuso mbili zinazoakisi mwanga.

Wingi wa habari nao ni hatari. Kasi na mshale wa njia vyatosha. Rangi na michoro mingi huweza kumficha mtembea kwa miguu.

Kabla ya kununua

Vifaa vingi huchomekwa kwenye tundu la kupimia hitilafu za injini, chini ya usukani. Magari ya zamani, yakiwemo mitumba kutoka Japan, si yote yanayoelewana navyo. Vingine hupima kasi kwa setilaiti.

Ni vyema mnunuzi akijaribu kifaa juani, kisha akivaa miwani ya jua, kwani baadhi ya miwani huzififisha tarakimu. Kinachosomeka vizuri dukani huenda kisionekane kabisa barabarani saa sita mchana.