Wekundu Unapopauka

Sogeeni, wanangu, niwasimulie ugonjwa wa jicho ambao mara nyingi daktari humulika ndani ya jicho asione kasoro. Mgonjwa, aghalabu mwanamke kijana, husema jicho moja limeingia ukungu na akiligeuza linauma. Akifumba lile zima akatazama khanga nyekundu kwa lile gonjwa, huona wekundu umepauka.

Kasoro iko nyuma ya jicho. Huko kuna neva, fungu la nyuzi zipatazo milioni moja zinazopeleka habari ubongoni. Kila uzi umevikwa utando wa mafuta uitwao mayelini, kama waya wa umeme ulivyovikwa mpira. Siku moja kinga ya mwili, iliyoumbwa ipigane na vijidudu, hukosea ikaushambulia utando huo. Neva huvimba, na habari za jicho hufika zikiwa zimechelewa, au zisifike.

Dawa je? Kwa miaka mingi madaktari waliwapa wagonjwa vidonge vya prednisoni, dawa ya aina ya steroidi inayotuliza kinga, wakiamini vinasaidia. Kuanzia 1988, huko Marekani, imani hiyo ikapimwa. Wagonjwa 457 waligawanywa kwa kura makundi matatu. La kwanza lilipewa steroidi nyingi kwa dripu siku 3, kisha vidonge. La pili vidonge tu. La tatu vidonge visivyo na dawa ndani.

Majibu yalitoka 1992. Dripu iliharakisha kupona, lakini baada ya miezi 6 makundi yote yalikuwa yanaona karibu sawa, hata lile lisilopata dawa! Neva nyingi zilikuwa zimejiponya. Na vile vidonge vilivyoaminiwa? Waliovitumia peke yake walirudiwa na ugonjwa mara nyingi zaidi. Nawaheshimu mno wagonjwa wale waliokubali kumeza wasichokijua. Pasipo wao, vidonge hivyo vingeendelea kuaminiwa.

Msidhani basi kwamba ni sawa kukaa nyumbani na kusubiri. Upo ugonjwa mwingine unaofanana na huu, nao huwapata zaidi watu wenye asili ya Afrika na Asia. Ukicheleweshewa tiba huweza kupofusha. Mwaka 2004 wanasayansi walitangaza kingamwili inayoutambulisha, kwa hiyo siku hizi damu ya mgonjwa hupimwa. Akikutwa nao hupewa dripu upesi; isipotosha, kingamwili huondolewa katika damu kwa mashine, kisha hutumia dawa za kutuliza kinga kwa miaka mingi ili usimrudie.