Flaiwili Iliyogoma: Fizikia ya Kulivua Gurudumu la Trekta la Kale

Trekta la kale la John Deere hutambulika kwa sauti kabla halijaonekana. Hulia mapigo mawili ya harakaharaka, likanyamaza kidogo, kisha likalia mawili tena. Silinda zake mbili zimelala, na pistoni zake hupishana: moja ikienda mbele, nyingine inarudi nyuma. Kwa mpangilio huo, mlipuko wa pili hufuata wa kwanza baada ya nyuzi 180 za mzunguko, lakini mwingine hauji mpaka zipite nyuzi 540. Wakulima wa Marekani walilibatiza trekta hilo “Johnny Popper”.

Katika ule mwanya mrefu hakuna moto unaoisukuma injini. Kinachoizungusha ni gurudumu zito la chuma lililo nje, upande wa kushoto: flaiwili.

Matrekta haya yalitengenezwa Waterloo, jimbo la Iowa. Model D ilitoka mwaka 1923 na ikaendelea kuundwa hadi 1953. Model A ilianza 1934 ikaishia 1952. Mengi bado yanawaka mikononi mwa wapenzi wa mitambo ya zamani, Marekani na Ulaya. Mwenye kulifufua trekta la namna hii, akitaka kuzifikia beringi kuu au kuzuia oili inayovuja upande wa kushoto, lazima kwanza aing'oe flaiwili. Baada ya miaka 70 ya mvua na vumbi, mara nyingi flaiwili hukataa.

Uzito wake una kazi. Nishati ya kitu kinachozunguka huongezeka kwa mraba wa kasi yake, na vilevile kwa mraba wa umbali wa uzito huo kutoka katikati, ndiyo maana chuma kingi huwekwa ukingoni. Chukua duara la chuma la kilo 100 lenye nusu kipenyo cha sentimita 30, likizunguka mara 900 kwa dakika, kasi ya kawaida kwa injini hizi. Limebeba takriban jouli 40,000, nishati ya kutosha kuinua tani moja kwa mita nne. Matrekta ya awali yaliwashwa kwa gurudumu hilohilo: mkulima alifungua vali ndogo za kupunguza mgandamizo, akalishika ukingoni na kulizungusha kwa mkono.

Nishati hiyo yote hupita katika kitovu kinachoishika krankishafti, mhimili unaozungushwa na pistoni. Kwenye Model A, ncha ya krankishafti ina meno yaliyochongwa kwa urefu, na kitovu cha flaiwili kina meno yanayoingiana nayo. Kitovu kimepasuliwa upande mmoja, na bolti huuvuta mpasuo ufunge, kitovu kiing'ang'anie shafti. Bolti zikilegea, meno huanza kuchezacheza na kugonga. Mlio huo umewadanganya wengi wakadhani beringi imekufa, wakafungua injini nzima bila sababu.

Kucheza huko, hata kukiwa kudogo kiasi cha kutoonekana, husugua chuma na kutoa unga mwekundu wa kahawia. Unyevu nao huleta kutu. Kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilicholiwa, kwa hiyo ikizaliwa ndani ya upenyo usio na pa kutanukia, hubana pande zote mbili kwa nguvu kubwa. Mtu anayevuta flaiwili ya namna hii anapambana na vitu vitatu kwa pamoja: kitovu kilichobanwa, msuguano wa meno, na kutu iliyojaza nafasi. Kila kimoja kina dawa yake.

Kitovu ndicho cha kwanza. Bolti hutolewa, kisha kabari ya chuma hugongwa taratibu ndani ya mpasuo ili uachie. Kidogo kinatosha, kwa kuwa flaiwili ni ya chuma cha kusubu. Ndani ya chuma hicho mna vipande vyembamba vya grafiti vinavyoukatiza mwili wake, hivyo huvumilia kugandamizwa mara tatu au nne zaidi kuliko kuvutwa. Kabari ikizidishwa, ufa huanzia kwenye kona ya mpasuo.

Kutu hutibiwa kwa mafuta mepesi ya kupenya. Mafundi wengi huchanganya asetoni na oili ya giaboksi za otomatiki. Asetoni huifanya oili iwe nyepesi, nayo huvutwa ndani ya upenyo mwembamba bila kusukumwa na mtu. Kazi hii inahitaji siku, pamoja na kugongagonga kitovu kwa nyundo ya shaba ili kutu ipasuke na mafuta yapate njia.

Dhidi ya msuguano wa meno ndipo inapokuja pula, kifaa cha parafujo kinachoshika kitovu na kuisukuma ncha ya shafti. Fundi akikandamiza kwa nguvu ya kilo 20 kwenye spana ya nusu mita, na parafujo ikasogea milimita mbili kila mzunguko, msuguano hula zaidi ya asilimia 80 ya nguvu hiyo. Hata hivyo kinachobaki kinakaribia uzito wa tani tano. Ndiyo maana pula haishiki ukingo kamwe: mvuto wa namna hiyo huipinda flaiwili na kuipasua. Kuipiga shafti kwa nyundo kubwa nako hupeleka kishindo moja kwa moja kwenye beringi.

Ikigoma bado, hutumika joto, baada ya asetoni yote kukauka na kufutwa, maana hushika moto upesi. Kitovu chenye tundu la milimita 60, kikiwa na joto la nyuzi 150 zaidi ya shafti, hutanuka kwa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, unene wa karatasi ya kuandikia. Moto huzungushwa polepole na kwa usawa, na maji hayamwagwi.

Mafundi wa mashine za kusaga nafaka Afrika Mashariki hukutana na kazi ya jamii hii kwenye injini za aina ya Lister. Kila flaiwili hapo hufungwa kwa kabari yenye kichwa, nayo ndiyo hutolewa kwanza.

Kurudisha flaiwili ya John Deere kunadai umakini uleule. Meno husafishwa hadi chuma kionekane, na kitovu hukaguliwa nyufa. Alama iliyowekwa kabla ya kuivua huelekezwa palepale ilipokuwa, kwa sababu ukingo wa flaiwili ndio wenye mstari wa kupangia cheche. Kisha husukumwa ndani hadi krankishafti ibakiwe na nafasi ndogo tu ya kusogea kushoto na kulia, chini ya nusu milimita, bolti hukazwa, na baada ya saa chache za kazi hukazwa tena.