Unasafiri? Mbwa utamwachia nani?

UMEALIKWA harusi ya mwanao Nairobi. Nauli umeitenga, ng'ombe amepata mtu wa kumkama na kuku watafungiwa na jirani kila jioni. Je, msomaji, umemfikiria mbwa?

Huko Marani, kaskazini mwa mji wa Kisii, wengi hujibu kwa wepesi: "Huyo atajitafutia." Hasara nyingi huanzia katika neno hilo.

Nairobi kuna watu wanaotunza mbwa wa wasafiri kwa malipo ya kila usiku, mfano wa wageni hotelini, nao kwa kawaida hudai kwanza cheti cha chanjo. Marani mtunzaji ni jirani, na aghalabu malipo yake ni shukrani tu. Hata hivyo gharama ipo. Usipoilipa wewe, ameilipa yeye.

Hesabu ya unga

Tuchukue mfano wa safari ya siku 14. Mbwa akipikiwa nusu kilo ya unga kwa siku, atamaliza kilo 7. Hizo ni pakiti nne za kilo mbili, na kilo moja itasalia. Ongeza omena wa kutia ladha, na kuni za kupikia.

Nyumbani kwako huzioni gharama hizi kwa sababu mbwa hula ukoko na mabaki ya watoto. Lakini jirani naye ana mbwa wake anayengojea mabaki kama hayo. Ukimwachia wa pili mikono mitupu, umemwomba apunguze sahani za watoto wake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ujirani nao hupotea hivyo hivyo.

Basi nenda kwake mapema, ukiwa na unga mkononi, mzungumze waziwazi:

"Mama, huu ni unga wa mbwa, na hizi ni hela za omena. Akiugua, mwite daktari wa mifugo, nami nitakutumia pesa kwa simu."

Abaki kwake

Ikiwezekana, mbwa asihamishwe. Mbwa aliyepelekwa boma geni hutoroka akirudi kwao, na njiani kuna magari. Afadhali umlipe kijana unayemwamini aje asubuhi na jioni, ampe chakula na maji safi, na kumfungulia usiku. Hapo umepata faida mbili, maana boma lako nalo linalindwa.

Usimwache kwenye mnyororo mfupi usiku na mchana. Atabweka bila kukoma na kuwa mkali kupita kiasi. Isitoshe, sheria ya Kenya inayokataza ukatili kwa wanyama humhesabu mwenye kumnyima mnyama wake chakula kuwa mkosaji.

Gharama kubwa kuliko zote

Mbwa mwenye njaa huvuka ua na kuzurura hadi sokoni, ambako hukutana na mbwa wasio na mwenyewe. Hapo ndipo kichaa cha mbwa hupatikana. Wiki chache au miezi kadhaa baadaye, anayeumwa huenda akawa mtoto wa yule yule jirani uliyemwomba msaada.

Dalili za ugonjwa huu zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Mtu akiumwa, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akimbizwe hospitalini. Huko hupewa msururu wa sindano kwa siku kadhaa. Fikiria nauli za kwenda na kurudi, kazi iliyolala na hofu ya mzazi, kisha ulinganishe na sindano moja ya mbwa kwa mwaka.

Mwaka wa 2014 Kenya ilizindua mpango wa kukomesha vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Nguzo yake ni chanjo ya mbwa. Mbwa huchanjwa akitimiza miezi mitatu, na chanjo hurudiwa kila mwaka. Kama unasafiri, mchanje angalau mwezi mmoja kabla, na cheti umwachie mtunzaji.

Na siku ya kurudi, msomaji, usishuke kwenye matatu mikono mitupu. Mkate mmoja wa mjini na asante ya dhati vitamfanya jirani akubali tena mara nyingine.