Makala ya kisayansi: kazi ya mwaka mzima inaweza kurudishwa kabla ya kusomwa

Mwezi wa sita mwaka 2024, jarida la Nature Medicine lilitoa makala juu ya ugonjwa wa mpox katika mji wa Kamituga, wilaya ya Mwenga, jimbo la Kivu ya Kusini. Makala hiyo ilieleza kwamba katika muda wa miezi 5, watu 241 walioshukiwa kuwa na mpox walilazwa hospitalini. Kati ya wagonjwa 108 waliothibitishwa na maabara, asilimia 29 walikuwa watu wanaofanya biashara ya ngono. Ilionyesha pia kwamba virusi hivyo ni vya tawi jipya, linaloitwa leo Ib, na kwamba vinapita kutoka mtu hadi mtu. Tarehe 14 mwezi wa nane mwaka huo huo, Shirika la Afya Duniani lilitangaza mpox kuwa dharura ya kimataifa.

Wauguzi wa Kamituga walikuwa wakiwaona wagonjwa hao kila siku. Lakini ili mtaalamu aliye mbali aweze kutumia habari zao, ilibidi ziandikwe kwa namna ambayo yeyote anaweza kuzikagua. Kazi hiyo ya kupanga muswada sawasawa na jarida linavyotaka, watafiti wengi vijana katika vyuo vikuu vya mashariki mwa Kongo huiacha hadi mwisho, kana kwamba ni mapambo tu.

Mhariri anapopokea makala, ofisi yake huangalia kwanza kama maelekezo kwa waandishi yamefuatwa: idadi ya maneno, sehemu za makala, marejeo, majedwali, ruhusa ya kamati ya maadili. Ni baada ya hapo tu ndipo makala hutumwa kwa wataalamu wa kuikagua. Yenye kasoro nyingi inarudishwa, hata kama ndani yake kuna jambo jipya kabisa. Kwa mwalimu msaidizi ambaye kupanda cheo chuoni kunategemea makala alizotoa, hiyo ni miezi inayopotea.

Sehemu nne, maswali manne

Katika sayansi za afya na za viumbe, mpangilio unaojulikana zaidi una sehemu nne. Utangulizi unasema kwa nini swali liliulizwa. Mbinu zinasema kazi ilifanyika namna gani, wapi, lini na kwa watu wangapi. Matokeo yanasema nini kilipatikana. Majadiliano yanasema maana yake ni nini, na utafiti una mipaka gani.

Shida huanza pale mtafiti anapochukua kazi yake ya kumaliza masomo, yenye kurasa 80 au zaidi, na kujaribu kuifupisha yote. Kazi ya chuo imeandikwa kuwaonyesha walimu kwamba mwanafunzi amesoma. Makala ya jarida inajibu swali moja. Heri kuchagua swali hilo kwanza, na kubeba tu takwimu zinazolihusu. Sura nzima ya nadharia inaweza kubaki aya mbili au tatu.

Sehemu ya mbinu ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi. Kuandika kwamba « wagonjwa walichaguliwa » hakutoshi. Msomaji anataka kujua walichaguliwa na nani, kwa kigezo gani, na wangapi walikataa. Mtafiti wa mji mwingine anapaswa kuweza kurudia kazi ile ile kwa kusoma sehemu hiyo peke yake.

Kila jarida na sheria zake

Mfano mwingine unatoka Kivu ya Kaskazini. Wakati wa Ebola, kuanzia mwezi wa kumi na moja mwaka 2018, utafiti unaoitwa PALM ulilinganisha dawa nne katika vituo vya matibabu vya eneo la Beni na Butembo. Wagonjwa 681 waliingizwa. Matokeo yalionyesha kwamba dawa mbili, MAb114 na REGN-EB3, zilipunguza vifo kuliko ZMapp, dawa iliyotumika kama kipimo cha kulinganisha. Makala ilitoka mwaka 2019 katika New England Journal of Medicine, na mwandishi wake wa kwanza ni daktari Mkongomani, Sabue Mulangu.

Ukiweka makala hiyo kando ya ile ya Kamituga, utaona tofauti mara moja. Katika New England Journal of Medicine, muhtasari umegawanywa kwa vichwa vidogo, na mbinu zinakuja baada ya utangulizi. Katika Nature Medicine, muhtasari ni aya moja bila vichwa, na mbinu zimewekwa baada ya majadiliano. Kila jarida lina mazoea yake, na mwandishi ndiye anayefuata.

Marejeo nayo ni hivyo. Mwaka 1978, wahariri wa majarida ya udaktari walikutana Vancouver, Kanada, na kukubaliana juu ya namna moja ya kupanga makala. Kutokana na mkutano huo, majarida mengi ya afya huweka marejeo kwa namba, kufuatana na yanavyotajwa katika makala. Majarida mengi ya uchumi, kilimo au sayansi za jamii hupendelea jina la mwandishi na mwaka. Kubadilisha marejeo 40 kwa mkono kunaweza kula siku mbili na kuzaa makosa. Programu ya Zotero, ambayo haiuzwi, inafanya kazi hiyo kwa dakika chache, ikiwa mtafiti aliitumia tangu mwanzo.

Nani anaandikwa jina

Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya udaktari imeweka masharti manne kwa anayeitwa mwandishi. Awe amechangia kwa kweli katika wazo, ukusanyaji au uchambuzi wa takwimu. Awe ameandika au kusahihisha muswada. Awe amekubali toleo la mwisho. Na awe tayari kujibu juu ya kazi nzima. Mkuu wa idara ambaye hakufanya lolote hastahili kuandikwa kwa heshima tu.

Kamati hiyo inaongeza jambo linalowagusa sana watafiti wa hapa kwetu. Aliyetimiza sharti la kwanza anapaswa kupewa nafasi ya kutimiza yale mengine. Maana yake, daktari wa Uvira au Bunia aliyechangia kwa kweli katika kukusanya takwimu kwa ajili ya mradi wa wageni ana haki ya kutumiwa muswada ausome na kuusahihisha. Asipotumiwa, jina lake linaishia katika mstari wa shukrani. Mapatano juu ya majina yafanywe kwa maandishi kabla ya kazi kuanza.

Ruhusa na pesa

Kuna kasoro ambazo hakuna mpangilio unaoweza kuzitengeneza. Ruhusa ya kamati ya maadili inaombwa kabla ya kuhoji mtu wa kwanza, na namba ya barua yake inaandikwa katika sehemu ya mbinu. Kwa majaribio ya dawa, majarida ya kamati hiyo hudai tangu mwaka 2005 kwamba jaribio liandikishwe hadharani kabla ya kumpokea mgonjwa wa kwanza.

Halafu kuna malipo. Majarida mengi yanayosomwa bure humtoza mwandishi, na bei inaweza kupita dola 2 000. Kwa watafiti wa Goma na Bukavu, ambako benki zilifungwa mwanzoni mwa mwaka 2025 vita vilipoingia mijini, hata kutuma pesa kumekuwa shida. Lakini wachapishaji wakubwa kadhaa husamehe malipo kwa waandishi wa nchi zenye kipato cha chini, na Kongo imo. Ombi hilo kwa kawaida hufanywa siku ya kutuma makala. Anayengoja hadi akubaliwe anaweza kukosa. Kusoma pia kunawezekana: mpango wa Research4Life hufungulia vyuo na hospitali za Kongo maelfu ya majarida bila malipo.

Jarida linaloandika barua pepe likiahidi kutoa makala ndani ya siku 3 au 4, mradi pesa zitumwe, ni la kuogopwa. Makala ikitoka huko, jarida jingine haliwezi kuipokea tena.

Wenye uzoefu huchagua jarida kabla ya kuandika, husoma makala zake tatu za karibuni, kisha huchapa maelekezo yake kwenye karatasi. Siku moja kabla ya kutuma, humpa mwenzao asiyejua somo hilo karatasi hiyo na muswada, aangalie mstari kwa mstari kama kila sharti limetimizwa.