Weupe na Usitiri: Juu ya Istilahi za Kupaka Modeli Rangi Nyeupe

Katika makala haya tumekusudia kueleza istilahi chache zinazohusu kazi ndogo sana, nayo ni kupaka rangi nyeupe ya akriliki, kwa burashi, juu ya modeli ya plastiki. Huenda msomaji akajiuliza kwa nini jarida la istilahi lishughulike na mchezo wa vijana. Jibu letu ni kwamba sisi wenyewe tulikwisha kukosea katika jambo hili, na kosa letu lilimgharimu mtu mwingine.

Tuliombwa kutafsiri karatasi ya maelekezo kwa ajili ya chama cha ufundi cha wanafunzi, waliokuwa wakiunda modeli ya ndege ya Concorde kwa kipimo cha 1/144. Ndege yenyewe ilisafirisha abiria tangu 1976 hata 2003. Urefu wake ulikuwa karibu mita 62, na mwili wake ulipakwa rangi nyeupe ili kupunguza joto lililotokana na mwendo wake wa kasi mno. Kwa kipimo hicho, modeli yake hupata urefu wa sentimita 43 hivi. Maelekezo yalitaka rangi ipunguzwe uzito kabla ya kupakwa. Sisi tukaandika: "Tia tina." Neno hilo linajulikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi, nasi tulijiona tumefanya vema kutumia neno la watu badala ya kubuni la kwetu.

Mwanafunzi mmoja akaenda dukani akauziwa tina. Akaitia katika rangi yake, ambayo ilikuwa ya aina inayochanganywa na maji, nayo ikakatika kama maziwa. Akadhani tina haijatosha, akaongeza, kisha akaipaka hivyo hivyo. Plastiki ya modeli hiyo ilikuwa polistirini, ambayo huyeyushwa na tina kali. Bawa likalainika na kupinda, kazi ya likizo nzima ikaharibika, na chumba kikajaa mvuke usiofaa kuvutwa na mtoto wala mtu mzima.

Kosa letu halikuwa kulitumia neno la madukani. Tina ni neno zuri, na mafundi wana haki nalo. Ila ni jina la kitu maalumu, hali maelekezo yalihitaji jina la kazi. Kiswahili kina kitenzi *kuzimua*, yaani kupunguza ukali au uzito wa kitu kwa kukitia kingine. Kutokana nacho twapendekeza *kizimuo*. Kizimuo cha rangi ya mafuta chaweza kuwa tina au tapentaini, na kizimuo cha rangi tunayoizungumzia hapa ni maji. Mfasiri akiandika "kizimuo", msomaji atalazimika kuuliza: kizimuo kipi? Swali hilo moja lingaliliokoa lile bawa.

Jambo la pili ni tofauti ya *nyepesi* na *nyembamba*. Kiingereza hutumia neno moja kwa yote mawili, na mfasiri asiyejihadhari hufuata. Kwetu sisi uji ni mzito au mwepesi, lakini ubao ni mnene au mwembamba. Rangi ikiwa bado koponi ni kama uji. Ikisha kupakwa ni kama ubao. Basi rangi yaweza kuwa nyepesi na bado ikapakwa kwa unene, mtu akiimwaga tele. Katika modeli unene una hesabu yake. Rangi yenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, katika kipimo cha 1/144, ni sawa na milimita 14.4 juu ya ndege halisi. Hakuna ndege iliyovaa rangi nene kama kidole! Mistari midogo iliyochongwa kuonyesha viungo vya mabati hufukiwa yote.

Tabaka hilo la rangi tuliite nani? Mafundi wa majumba husema *koti*, na waliopaka kuta mbili tatu watalielewa. Kwa maandishi ya kitaalamu tunaona *utando* ni bora, kwa kuwa huashiria ngozi nyembamba iliyoshikamana, na ndivyo akriliki ilivyo. Ndani ya rangi hiyo mna vitone vidogo sana vya gundi vilivyotawanyika majini. Maji yakitoweka, vitone husogeleana, hubanana na kuungana kuwa ngozi moja. Akriliki ikizimuliwa kwa maji mengi kupita kiasi, gundi huwa haba, na utando hushindwa kushika.

Sasa tufike kwenye kiini cha taabu. Kila aliyejaribu atakiri kwamba rangi nyeusi hufunika kwa mara moja, lakini nyeupe huonyesha kilicho chini yake hata baada ya mara ya pili. Wanafunzi wetu walilalamika kwamba rangi yao "si nyeupe ya kutosha". Malalamiko hayo yalikuwa na kosa la istilahi ndani yake. Rangi ile ilikuwa nyeupe kabisa; ilichokosa ni nguvu ya kuficha. Mambo haya mawili ni mbali mbali, na tusipoyapa majina mawili hatutaweza kuyaeleza. La kwanza ni *weupe*. La pili twapendekeza liitwe *usitiri*, kutokana na kusitiri. Wengine wamependelea "uzito wa rangi", lakini tumekwisha kuona kwamba uzito unatumika kwa hali ya uji. "Kukolea" nako hakufai, maana rangi iliyokolea ni ile yenye nguvu machoni, kama chai iliyokolea majani, na weupe haukolei.

Kwa nini usitiri wa nyeupe ni haba? Rangi nyeusi huimeza nuru, basi nuru haifiki chini na kurudi. Nyeupe haimezi kitu. Kazi yake ni kuitawanya nuru na kuirudisha kabla haijapenya. Chembe hutawanya nuru kwa kadiri zinavyoipinda kuliko kile kinachozizunguka. Tukiipa hewa kipimo cha 1, maji yana 1.33, gundi ya akriliki kama 1.5, na chokaa iliyokwisha kukauka ukutani karibu 1.6. Titani dioksidi, ambayo ndiyo chembe nyeupe ya rangi za leo, hufika 2.7 katika aina yake ya rutili. Chembe zake hufanya kazi vizuri zaidi zikiwa na upana wa karibu robo ya sehemu moja ya elfu ya milimita.

Mpaka chokaa wa Lamu au Unguja anaijua nusu ya elimu hii bila vitabu. Chokaa ikiwa mbichi ukutani huonyesha mawe, kwa kuwa maji yamezizunguka chembe. Ikikauka, hewa hushika nafasi ya maji, tofauti huzidi, na ukuta hung'aa. Akriliki haina bahati hiyo kwa kiasi kile, kwa maana gundi haiondoki. Hubaki imezizunguka chembe daima. Kwa hiyo anayeongeza rangi kwa pupa akingoja muujiza wa chokaa ataambulia michirizi na alama za nywele za burashi.

Njia iliyobaki ni kuulimbikiza usitiri kidogo kidogo. Plastiki nyeusi au ya rangi kali hupakwa kwanza rangi ya msingi ya kijivu hafifu. Kisha hufuata tando tatu, nne au tano nyembamba za rangi nyeupe. Utando wa kwanza utakuwa na mabaka ya aibu, nao uachwe hivyo hivyo. Kosa kubwa ni kurudia mahali palipoanza kushika: hapo vitone vya gundi vimeanza kuungana, na burashi huvichana. Hapa pia tunahitaji maneno mawili, *kukauka* na *kukomaa*. Utando uliokauka haushiki kidole, lakini uliokomaa umeshikamana mpaka ndani na waweza kupokea mwingine juu yake.

Karatasi yetu tumeiandika upya, na sehemu yake sasa inasomeka hivi: "Zimua rangi kwa maji kidogo hata iwe nyepesi kama maziwa. Chovya burashi laini na bapa, uifute ukingoni mwa kopo. Paka utando mwembamba kwa kwenda upande mmoja, wala usirudi ulikotoka. Ngoja utando ukomae. Unaofuata uukingamishe na uliotangulia. Endelea mpaka usitiri utimie."

Neno moja limetushinda hadi sasa, nalo ni jina la ile mistari ya viungo vya mabati. "Mifereji" ni kubwa mno, na "mikwaruzo" ni dosari. Maseremala na wachonga milango huenda wanalo, nasi tungefurahi kuletewa.